Diski ya Kutazama na Faili la Kutunza

Siku hizi hakuna arusi wala mazishi katika vijiji vyetu yasiyopigwa picha za video. Vijana huinua simu zao tangu asubuhi hadi jioni, na mtu asiyekuwapo huambiwa, "Usijali, utaona kwenye picha." Kisha wageni hutawanyika. Kijana hurudi Dar es Salaam au Arusha na simu yake mfukoni, na picha zote zimo humo. Wazazi, ambao ndio wenye shughuli, hubaki kijijini na televisheni yao na deki yao juu ya kabati, wakingojea. Kati ya simu ya kijana na deki ya mzazi pana mto, na watu wengi hawajui daraja lake liko wapi. Leo napenda kulieleza daraja hilo, na pia jambo moja ambalo watu husahau wakisha kuvuka.

Mimi ni karani wa parokia hapa Korogwe. Nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha kidogo, kisha nikaitwa kushika vitabu vya parokia: ubatizo, kipaimara, ndoa na wafu. Ofisini mna kompyuta moja ya zamani, nayo ina tundu la diski, kitu ambacho kompyuta nyingi mpya hazina tena. Kwa sababu hiyo watu huja, wengine kutoka Handeni, mwendo wa kilomita kama 65, wakiwa na flashi zilizofungwa katika kitambaa kama mbegu. Wote huuliza neno moja: "Karani, hii itaonekana kwenye deki yangu?"

Yafaa kwanza tujue deki ilikotoka. Zanzibar ilianza televisheni ya rangi mwaka 1973, lakini huku Bara tulingoja mpaka mwaka 1994 ndipo vituo vya kwanza viliporusha matangazo. Wakati huo, na hata baadaye, watu wengi walitazama mikanda ya video vibandani kwa kiingilio cha sarafu. Diski ndizo zilizoingiza sinema majumbani. VCD ilitolewa mwaka 1993, na DVD ikaanza kuuzwa Japani mwaka 1996. Zilipofika kwetu zilikuwa nyepesi, bei yake nafuu, wala hazikuhitaji mnara wa matangazo. Mtu wa kijiji cha mbali aliweza kununua deki, akaiunga na jenereta au betri, akatazama filamu za marehemu Steven Kanumba pamoja na majirani zake. Baadaye ukaja umeme wa jua, na Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, ukazidi kusukuma nyaya za umeme kwenda vijijini. Basi deki ikawa mwenyeji. Lakini ni mwenyeji anayejua lugha moja tu, nayo si lugha ya simu.

Nitawapa mfano. Mwaka juzi alikuja ofisini bibi mmoja wa upande wa Handeni kutafuta cheti cha ubatizo cha mjukuu wake aliyekuwa akijiandaa kwa ndoa, maana mtoto huyo alibatizwa hapa kwetu. Nilipokuwa nikinakili kutoka kitabuni, bibi aliona diski mezani pangu. Akafungua pindo la khanga, akatoa ya kwake.

"Mwanangu karani," akasema, "na hii hebu nitazamie. Imeniuzisha mbuzi wawili."

"Kwa namna gani, bibi?" nikamwuliza.

Akanieleza. Yeye na mumewe walitimiza miaka 50 ya ndoa, na siku ya sherehe mzee alisimama akanena kwa kirefu. Alitaja wazee wa ukoo mmoja mmoja. Akataja anaowadai na wanaomdai. Mwisho akasema mbele ya watu wote kwamba michungwa yake igawanywe sawasawa kwa watoto wote, wa kiume na wa kike. Mjukuu mmoja alirekodi maneno hayo kwa simu. Mvua zilizofuata mzee akafariki. Ndipo watoto walipoanza kuvutana juu ya michungwa, kila mmoja akiyakumbuka maneno ya baba kwa namna ya kumfaa mwenyewe. Mjukuu, huko mjini, akaipeleka simu katika duka moja, akalipa, akapewa diski, akaituma kwa basi. Bibi alipoiweka katika deki, deki ilizunguka, ikalia, ikaandika kwamba haioni diski. Akadhani deki imekufa. Akauza mbuzi wawili, akanunua nyingine. Mambo yakawa yale yale. Mwishowe wanawe wa kiume wakasema kwamba ndani hamna kitu, na mjukuu amewachezea.

"Miezi minne naiweka sandukuni," bibi akasema. "Naambiwa baba yao yumo humu, lakini hataki kusema nami."

Niliitia katika kompyuta. Mzee alikuwamo, mzima, dakika 22 katika mafaili matatu. Diski haikuwa na kasoro, na deki zote mbili hazikuwa na kasoro. Mwenye duka aliyanakili mafaili ya simu vile vile yalivyo, wala hakuyageuza kuwa DVD ya kutazama. Tena hakumweleza mteja tofauti, na hilo ndilo lililomgharimu bibi mbuzi wake.

Tofauti yenyewe ni hii. Picha za video ni nzito mno, kwa hiyo kila chombo huzikunja kwa mtindo wake, kama vile mtu akunjavyo nguo ili zienee sandukuni. Deki ya DVD ilifundishwa hasa kukunjua mtindo uitwao MPEG-2, uliotengenezwa katika miaka ya 1990. Simu nyingi hukunja kwa mtindo uitwao H.264, uliotangazwa mwaka 2003, nao haukuwamo katika kanuni za DVD. Ukiipa deki diski ya mafaili ya simu, ni kama kumpa mzee asomaye Kiswahili barua iliyoandikwa kwa Kijerumani. Macho anayo, barua ni nzima, lakini hapati neno hata moja. Kwa nje diski hizi mbili hazitofautiani. Ukizitia katika kompyuta ndipo utakapozitambua. Ukiona majina yanayoishia na herufi mp4, hayo ni mafaili ya simu. Ukiona folda iitwayo VIDEO_TS, hiyo ni DVD ya kutazama.

Sasa tuje kwenye kazi ya kugeuza. Kwanza, toa mafaili katika simu kwa waya au kwa flashi. Usiyapitishe katika WhatsApp, maana WhatsApp huyabana kabla ya kuyatuma, na picha hufika imekwisha kudhoofika. Yapange kwa utaratibu wa shughuli yenyewe, ukate sehemu ambazo simu ilirekodi ardhi au miguu ya watu.

Pili, tumia programu ya kugeuza. Ziko za kununua na ziko za bure, mathalani DVDStyler na DVD Flick. Programu itakuuliza kama wataka PAL au NTSC. Hapa Tanzania chagua PAL, yaani mistari 576 na picha 25 kwa kila sekunde. NTSC ni ya Marekani na Japani. Itakuuliza tena umbo la kioo: 4 kwa 3 kwa televisheni za zamani zenye chogo, au 16 kwa 9 kwa zile pana. Ukikosea hapo, bibi arusi mnene atakuwa mwembamba kama mlingoti, au mwembamba atafutuka kama mkate.

Tatu, pima muda. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7. Picha za saa moja hukaa humo kwa uzuri kamili, na za saa mbili hukaa vema. Lakini watu wengine hutaka arusi nzima ya saa nne ishindiliwe katika diski moja ili kuokoa fedha. Basi nyuso huvunjika vipande vipande kama matofali, hasa watu wanapocheza ngoma. Afadhali diski mbili nzuri kuliko moja mbovu. VCD ni ndogo zaidi, kwani hubeba dakika kama 80 tu, tena kwa picha hafifu.

Nne, kuwa na subira. Kompyuta ya zamani yaweza kuchukua saa nyingi kugeuza picha za saa moja, na umeme ukikatika katikati huna budi kuanza upya. Mimi huanza kazi hiyo jioni, nikaiacha ijifanyie yenyewe. Programu ikimaliza, choma diski kwa mwendo wa taratibu, uifunge kama programu inavyoagiza, kisha uijaribu katika deki hasa, si katika kompyuta. Kompyuta husoma karibu kila kitu, kwa hiyo ushahidi wake haufai. Kama deki ni ya zamani sana, nunua diski yenye alama DVD-R, maana deki nyingi za kale huipokea hiyo kwa urahisi kuliko nyingine.

Diski ya bibi ilikuwa tayari siku ile ile. Tuliijaribu katika deki ya jirani yetu. Mzee alipofungua kinywa, bibi hakulia kama nilivyodhani. Alisogea karibu na kioo, akamsahihisha mumewe jina la shangazi mmoja. Jioni akapanda basi kurudi Handeni. Nilipata habari baadaye kwamba watoto walikaa wote sebuleni wakamsikiliza baba yao mara mbili, na michungwa ikagawanywa kama alivyosema. Hawakufika barazani wala mahakamani.

Lakini jambo lililonifikirisha zaidi ni jingine. Nilipompigia simu yule mjukuu ili nimwombe ayatunze mafaili yale, alinijibu kwamba simu ile iliibwa katika daladala, wala hakuwa ameyaweka mahali pengine. Maana yake ni kwamba ile diski iliyokataliwa na deki mbili, ile ambayo watoto walisema haina kitu, ndiyo iliyokuwa na picha za asili, na hapakuwa na nyingine duniani. Bibi alipoiweka sandukuni kwa miezi minne, alikuwa akitunza kitu kikubwa kuliko alivyojua.

Labda msomaji atauliza, "Kama diski ya kutazama imekwisha kupatikana, mafaili ya asili ni ya nini tena?" Jibu limo katika hesabu. Picha imefanywa kwa nukta. Simu nyingi hurekodi nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, jumla 2,073,600. DVD yetu ya PAL ina nukta 720 kwa 576, jumla 414,720. Gawanya mwenyewe: ni sehemu moja katika tano. Katika kugeuza, sehemu nne kati ya tano za nukta zimeachwa. VCD ina nukta 352 kwa 288, jumla 101,376, ambayo ni kama sehemu moja katika ishirini. Kwenye televisheni ndogo ya zamani jicho halioni hasara hiyo. Lakini watoto wetu watanunua vioo vikubwa, na siku hiyo hawataweza kuzirudisha nukta zilizotupwa. Kutoka faili la asili waweza kufanya DVD kumi. Kutoka DVD huwezi kulifanya faili la asili.

Nimeyaona hayo kwa jamaa moja ya hapa hapa Korogwe. Arusi ya binti yao ilipigwa vizuri kwa kamera ya kukodi. Fundi akawafanyia VCD, akapokea fedha, kisha akafuta mafaili yote apate nafasi ya kazi nyingine. Hakuwauliza, nao hawakujua la kuuliza. Miaka ikapita, mama wa bibi arusi akafariki, nao wakatamani picha moja ya uso wake waiweke ukutani. Waliniletea VCD ile. Nilisimamisha picha pale mama anapotabasamu, nikaikuza. Ukawa ukungu mtupu. Jicho halikujulikana na kivuli. Nilifanya niliyoweza, lakini kilichotupwa kimetupwa.

Kwa sisi makarani jambo hili si geni. Ukija ofisini kuomba cheti cha ubatizo, nakipiga muhuri nakupa uende nacho. Chaweza kulowa, chaweza kuliwa na mchwa, waweza kukisahau katika basi. Hakuna msiba, maana kitabu kimebaki ofisini, nami nitakuandikia cheti kingine. Lakini je, karani akikung'olea ukurasa wa kitabu chenyewe akakupa, au akiuchoma moto baada ya kukuandikia cheti, si tutasema amerukwa na akili? Basi diski ya kutazama ni cheti. Faili la asili ni kitabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sauti ya mzee wa ukoo ni mali.

Tena diski zenyewe hazidumu kama watu wadhanivyo. Diski ya filamu iliyotoka kiwandani hugandamizwa alama zake kwa kalibu. Hizi tunazochoma wenyewe huandikwa kwa mwali juu ya rangi nyembamba iliyo ndani yake, na rangi hiyo huharibiwa na jua na joto. Kwa hiyo usiiache diski dirishani wala juu ya deki iliyopata moto. Ishike pembeni, usiguse uso wake. Ikipata vumbi, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, wala usiizungushe kama unayefuta sahani. Usiandike juu yake kwa kalamu ya ncha kali. Mafaili ya asili yawekwe mahali pawili, mathalani katika kompyuta ya mtoto mmoja na katika flashi au diski ngumu ya mwingine, nyumba tofauti. Nyumba moja ikiungua, nyingine ibaki nacho.

Siku hizi pia televisheni nyingi mpya zina tundu la flashi, na nyingi husoma faili la simu bila kugeuzwa. Kama unayo ya namna hiyo, ijaribu kwanza kabla ya kulipa fundi. Deki nyingine nazo zina tundu hilo, lakini zile za zamani mara nyingi hukataa mafaili ya simu, kwani lugha yake ni ile ile. Na ninyi vijana wenye simu, mnaporekodi ilazeni simu kwa upana. Mkiisimamisha, watu huonekana katika kipande chembamba katikati ya kioo, na huku na huku ni giza.

Neno moja zaidi. Watu wengine huniletea filamu za kuuzwa wakitaka niwachomee nakala za ndugu zao. Huwa nakataa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mwenye kazi, na jasho la mtu haliwi letu kwa kuwa tuna mashine ya kunakili. Picha za arusi yako, za mama yako, za mavuno yako, hizo ni zako, nami nitakusaidia bila wasiwasi.

Basi, wazazi, mkienda kwa fundi yeyote mwulizeni mambo matatu kabla ya kutoa fedha. Je, diski hii itaonekana katika deki, na utanijaribia hapa hapa nione? Je, mafaili ya asili utanirudishia yote bila kuyafuta? Je, utaniandikia juu ya kasha jina la shughuli, mahali na tarehe? Fundi mwema hatachukia kuulizwa. Nanyi vijana, msitume diski kwa basi mkadhani kazi imekwisha. Pigeni simu mwulize kama picha imeonekana. Huenda mzazi anaitazama deki iliyo kimya, akidhani mbovu ni yeye.